Kibao cha Mwaka Thelathini na Nne

Hubert alikwisha kudanganya kabla jiko halijafika. Tuliweke wazi hilo mapema, maana watu wa mtaa wa Mangobo wakisimulia habari hii huanzia kwenye jiko, kana kwamba chuma ndicho kilichotenda dhambi. Mbele ya komisioni ya kugawa kadi, kule ofisini katika mji wa Wazungu, padri alimwuliza Hubert mkewe hupikia wapi. Hubert, karani wa ghala, tai shingoni na viatu vinang'aa, angeweza kujibu kwamba Philomène hupikia uani juu ya mafiga matatu, kama mama yake Hubert alivyopika na kumkuza. Badala yake alisema, "Ndani ya nyumba, mon père. Kwenye jiko la chuma, jipya. Nimelinunua dukani." Padri akatabasamu. Mkubwa wa komisioni, ambaye watu walimwita Matalatala kwa ajili ya miwani yake, akasema watafika nyumbani Jumamosi kujionea.

Kadi iliyotafutwa ni ile ya immatriculation, na katika miaka ile ya hamsini waliokuwa nayo Stanleyville walijulikana kwa majina. Mwenye kadi alihesabiwa kuwa ameachana na ushenzi. Aliweza kupita mji wa Wazungu usiku bila kukamatwa, aliitwa Monsieur na watu ambao jana walimwita boyi, na hakupigwa fimbo. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Hubert usingizi. Alikuwa amemwona karani mwenzake, mtu mzima mwenye wajukuu, amelazwa kifudifudi mbele ya ghala, suruali magotini, kwa sababu ya gunia lililopotea na baadaye likaonekana. Hubert aliapa kwamba yeye hatalazwa. Si vibaya mtu kuapa hivyo. Ubaya ulikuwa katika kile alichokuwa tayari kukitoa.

"Jiko gani, Hubert?" Philomène alimwuliza jioni ile. "Mie sioni jiko hapa."

"Ile tutapata."

"Tutapata wapi? Mugriki wa duka atatupa bure, sababu unavaa tai?"

Philomène akaenda zake uani kuponda lituma, na alimponda mumewe humo humo pamoja na ndizi.

Aliyewatoa kwenye shida ile ni Sefu, mdogo wake Philomène, mtu wa Maniema aliyesukuma mkokoteni bandarini. Dada alibatizwa alipoolewa. Sefu alibaki na kofia yake na sala zake, na hakuona sababu ya kugombana na mtu kwa hilo. Siku ya Alhamisi alimbebea mizigo mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anaacha shamba lake la kahawa na kurudi Ulaya. Yule mama, badala ya ujira, akamwambia achukue jiko lake la chuma lililobaki ufukweni, maana hakuna meli ambayo ingelipakia. Mtu mwingine angeliuza. Sefu alimkumbuka dada yake.

"Yaya! Kuja uone!" alimwita dada yake kutoka barabarani, jasho linamtiririka. "Hii kitu iko nzito kama deni ya Mugriki!"

Hubert alitoka mbio. Hakusema asante. "Pitisha nyuma, Sefu. Nyuma! Watu wote wanaangalia."

"Wacha waangalie, shemeji. Jiko haiko bibi ya mutu."

Walilipitisha nyuma. Sefu na wenzake wawili waliliingiza kwa kulipindua ubavu, wakalisimamisha ukutani, wakatoboa tundu la bomba. Wenzake walipoondoka, Philomène alimtengea ndugu yake lituma na samaki, akamvutia kiti mezani. Hubert akakishika kile kiti.

"Sefu, sikiliza. Samedi, komisioni ikikuja, usikuje hapa."

"Mie?"

"Komisioni itauliza huyu ni nani. Wanataka kuona bwana, bibi na watoto, basi. Hawapendi nyumba yenye ukoo mingi. Wanasema mutu wa ukoo hajaendelea."

Philomène alisimama na bakuli mkononi, uso unamwaka kwa aibu. Lakini Sefu alicheka, akachukua bakuli, akaenda kula uani amechuchumaa. "Bon, shemeji," alisema huku akitafuna. "Samedi mie siko ndugu yenu. Dimanche nitazaliwa tena."

*

Ijumaa Philomène alilisugua jiko kwa majivu na ndimu. Masizi yalipotoka kwenye mlango wa tanuri, chini yake kikajitokeza kibao cha shaba, kidogo kama kiberiti, kimeshikwa na skrubu mbili. Alikisugua mpaka kikameremeta. Aliona ni urembo. Alimwita mumewe aje kuona jinsi jiko lilivyo la kweli, lina hata jina lake.

Hubert aliinama akasoma. Kazi yake ghalani ilikuwa kupokea pampu, baiskeli na vyerehani kutoka Ulaya. Vibao vya namna ile alivijua kama alivyoijua rozari. Jina la kiwanda, namba ya chombo, mstari mdogo, kisha tarakimu mbili za mwaka.

"Thelathini na nne," alisema.

"Thelathini na nne ni nini?"

"Ni mwaka. Hii jiko ilitoka kiwandani mwaka ya trente-quatre. Iko na miaka makumi mawili, Philomène. Mie nilikuwa bado natembea uchi kwetu."

"Inapika?"

"Inapika, lakini..."

"Donc? Shida iko wapi?"

"Donc nilisema jipya! Nilisema mbele ya padri! Matalatala atainama hapa, atasoma, atasema, Hubert iko muongo. Na kadi hawapi muongo."

Philomène alitaka kusema kwamba dawa ya uongo haikuwa mbali, ilikuwa ni kwenda kwa padri na kuufuta. Lakini aliutazama uso wa mumewe, akaona hofu ya mtu aliyekwisha kuhisi upepo kwenye matako yake, akamwonea huruma. Huruma ile aliijutia baadaye kuliko kosa lolote. Akamletea kisu cha mezani, kimoja kati ya vile walivyonunua kwa ajili ya komisioni. Hubert alizifungua skrubu, ncha ya kisu ikapinda, kibao kikatoka. Akakitia mfukoni mwa koti. Kisha wakalipaka jiko lote rangi ya viatu, nyeusi, wakaling'arisha kwa kitambaa mpaka usiku ukaingia. Mtu akitaka kujipalia makaa hakosi sepetu.

*

Komisioni ilikuja na watu watatu: Matalatala, padri, na Désiré, Mwafrika aliyekuwa na kadi tayari na aliyejua kuivaa usoni. Watoto wawili wa nyumba walikalishwa kitandani wamevaa viatu na kuambiwa wasicheke. Désiré aliinua shuka akatazama godoro. Padri alifungua kabati akahesabu sahani kwa macho. Matalatala alikwenda mpaka chooni, akafungua mlango, akavuta pumzi kama daktari, akarudi.

Halafu wakaomba kuona familia inakula.

Hubert na Philomène walikaa mezani, na wale watatu wakasimama kuwatazama, kofia mikononi. Philomène alikuwa amejizoeza uma kwa wiki nzima. Alikula wali bila kosa, akala nyama bila kosa, kisha haragwe moja likateleza, likadunda mezani na kuanguka sakafuni. Hakujua kama mwanamke aliyeendelea huokota haragwe au huliacha. Alimtazama mumewe, mumewe alikuwa anatazama sahani. Alimtazama Désiré, Désiré alikuwa anatazama dari. Akaliacha, na moyo ukamwenda mbio kama aliyeua mtu.

"Kuna harufu ya viatu," alisema Matalatala kwa Kifaransa.

Lilikuwa jiko. Moto ulikuwa umeipata ile rangi, na moshi mwembamba, mchungu, ulikuwa unapanda ukutani. Matalatala alilisogelea. Aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye mlango wa tanuri, mahali pa kibao, palikuwa na alama ya pembe nne na matundu mawili ya skrubu.

"Kibao kiko wapi, Hubert?"

Hubert alisimama. Kibao kilikuwa mfukoni mwake, kinamgusa paja. "Hakikuwapo, Monsieur."

"Kilikuwapo. Kimetolewa juzi, chuma hakijaota hata kutu." Matalatala alinyooka. "Katika ghala la nyumba ya wageni ya serikali limepotea jiko la namna hii mwaka jana. Jipya. Mtu haondoi kibao kwenye jiko lake mwenyewe. Mwizi ndiye huondoa kibao."

Hapo ndipo mlango wa kujinasua ulipokuwa wazi, na ungebaki wazi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Angelitia mkono mfukoni, akakitoa, akasema, "Ni la mwaka thelathini na nne, si lile mnalolitafuta. Niliona haya." Angepoteza kadi. Pengine wangemcheka mpaka barabarani. Lakini hakuna ambaye angelala kifudifudi.

"Nilimtuma mtu dukani," alisema Hubert. "Akaniletea hili. Nilimwamini."

"Mtu gani?"

"Mmoja wa mkokoteni, bandarini. Anaitwa Sefu."

"Ni nani kwako?"

"Si kitu, Monsieur. Ni watu wa upande wa mke wangu. Mambo ya ukoo."

Philomène hakujua Kifaransa cha kutosha kuomba maji. Lakini jina la ndugu yake alilisikia, na akauona mkono wa mumewe umeshikilia mfuko kwa nje.

*

Sefu alikamatwa Jumapili asubuhi, mkokoteni wake ukabaki umeinamia pua ufukweni. Habari zilipofika nyumbani, Philomène alifunga mlango akasimama mbele ya mumewe.

"Plaque, ile kibao, iko mu mufuko yako."

"Sema polepole."

"Iko mu mufuko yako, Hubert! Peleka! Waambie jiko iko ya zamani, haiko ya serikali. Watamuacha leo leo."

"Na mie watanifanya nini? Nilisema mara mbili. Ya kwanza jipya, ya pili hakuna plaque. Hata kazi nitapoteza, hapana kadi tu."

"Bon, ipotee! Watamupiga fimbo, mutoto ya mama yangu!"

"Fimbo inapona," alisema Hubert. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, na ndiyo maana Philomène hakuisahau. "Kadi ikiponyoka hairudi. Fikiri watoto. Sefu hana muke, hana mutoto, hana kitu ya kupoteza."

"Iko na mugongo."

Hubert alikaa akaanza kufungua kamba za viatu. Kwa woga wa kulazwa yeye mwenyewe kifudifudi, alimlaza shemejiye. Na bado alijiona mtu mwenye bahati mbaya. Wapo wengi wa aina hiyo, na wengi wao huenda kanisani.

Jumatatu, Hubert alipokuwa bafuni, Philomène alitia mkono mfukoni mwa koti akakipata. Alikifunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Désiré, maana kati ya wale watatu yeye ndiye aliyesikia lugha yake. Alikaribishwa barazani. Hakupewa kiti.

"Papa Désiré, angalia mwenyewe. Trente-quatre. Ni mwaka ya jiko. Haiko ile ya serikali. Ndugu yangu hakuiba."

Désiré alikigeuza kile kibao mwangani. Alielewa mara moja, hakuwa mjinga. "Nani alitoa hii?"

Philomène alisita. Mume ni mume. "Sisi," alisema. "Tuliona haya."

"Mama, ulifanya vizuri kuniletea. Rudia nyumbani. Nitaipeleka kwa mukubwa mwenyewe."

Alirudi anatembea upesi, na njiani aliimba kidogo, kimoyomoyo. Alipika samaki wa kutosha watu wa ziada. Usiku Hubert alipapasa mfuko wa koti, akapapasa tena, akamtazama mkewe. Naye akamtazama.

Jumatano asubuhi, baada ya bendera kupandishwa mbele ya posti ya polisi, Sefu alitolewa nje. Philomène alikuwapo kwa sababu aliambiwa ndugu yake atatoka, na kweli alitoka. Walimvua kofia kwanza. Kisha wakamlaza kwenye udongo, polisi mmoja akamshika mikono, mwingine miguu, suruali ikashushwa mbele ya wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni. Désiré alikuwa amesimama kando ya mlingoti. Philomène alimwita kwa jina, mara ya pili akamwita kwa kilio. Désiré akainua uso, akaitazama bendera. Fimbo ilianza. Sefu alijitahidi asilie, kisha akalia.

Hubert siku ile alikwenda kazini kwa njia ya nyuma.

*

Matalatala aliileta kadi mwenyewe, jambo ambalo majirani walilisema kwa miezi. Alikaa sebuleni, akaomba kahawa. Philomène aliichemsha nje, kwenye mafiga, akaileta kwenye kikombe chenye sahani yake.

"Hongera, Monsieur Hubert," alisema mgeni, na lile neno Monsieur lilimwingia Hubert mpaka kwenye mifupa. Aliipokea kadi kwa mikono miwili. Picha yake ilikuwa imegongwa muhuri begani.

Kisha Matalatala akatoa kitu kingine mfukoni, akakiweka mezani kando ya kikombe. Kilikuwa kibao cha shaba.

"Désiré aliniletea Jumatatu ile ile," alisema, akikoroga kahawa. "Thelathini na nne. Nyanya yangu kule kwetu alikuwa na jiko kama hili. Kwa kweli hata bila kibao niliujua umri wake, kwa mlango tu. Nilitaka kuona utajibu nini."

Hubert aliibana kadi kifuani.

"Usiogope. Padri alisema huyu bado ni mtu wa ukoo, atawaficha ndugu zake siku zote. Mimi nikasema, tumjaribu. Nilikungoja Jumatatu, Jumanne. Hukuja." Alikunywa. "Nilishinda ubishi."

"Na Sefu, Monsieur?" aliuliza Hubert, kwa sauti iliyomtoka nyembamba.

"Kijana yule alikiri. Akikiri mtu, nifanye nini? Atarudishwa kwao Ijumaa." Akakichukua kibao kwa vidole viwili, akakirudisha mfukoni mwake, akaugonga mfuko taratibu. "Hiki nitabaki nacho. Katika klabu yenu ya makarani watu huzungumza mengi, sivyo? Utakuwa unapita ofisini mara moja moja, unaniambia." Aliinuka, akavaa kofia, akainamisha kichwa kwa mwanamke wa nyumba. "Merci, Madame. Kahawa nzuri. Jiko jipya ni jiko jipya."

Alipoondoka, Philomène alimtaka mumewe amfasirie yote. Hubert akafasiri, neno kwa neno, labda kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kutunga. Alipomaliza, mkewe alichukua kile kikombe, akakiosha, akakiosha tena.

*

Ijumaa walikwenda kwenye kivuko. Hubert hakutaka, Philomène alimwambia kwamba asipokwenda, yeye atavuka pamoja na Sefu na watoto, na Matalatala aje apike mwenyewe. Kwa hiyo alikwenda, na koti lake, na tai.

Sefu alikuwa kati ya watu waliokuwa wakirudishwa kwao, kila mmoja na fungu lake, wakisubiri kuvushwa ng'ambo kwenye treni ya Ponthierville. Kofia alikuwa ameipata. Alipowaona alitabasamu, akaja kwa hatua fupi fupi, kama mzee.

"Shemeji! Na weye umekuja? Na kazi?"

"Nimeomba ruhusa."

Sefu alitazama polisi, akashusha sauti. "Usiogope, sikukutaja. Waliniuliza nani alitoa plaque. Mie hata plaque yenyewe sikuiona. Lakini nikafikiri, nikisema sijui, watakwenda kuuliza shemeji, na kadi itaharibika. Nikasema ni mie. Nikasema jiko niliiba, weye hukujua kitu." Alicheka kidogo, akaacha, maana kucheka kulimuumiza. "Kadi ilitoka?"

Hubert aliitoa mfukoni. Sefu alijifuta mikono kwenye shati kabla ya kuishika. Hakujua kusoma, aliitazama picha, akaitazama sura ya mwenye picha, akaridhika kwamba ni mtu mmoja. Akairudisha.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi haikuwa bure."

Philomène alifungua kinywa kumwambia. Maneno yalikuwa tayari, yote, tangu mfuko wa koti mpaka kikombe cha kahawa. Akamwona ndugu yake anavyosimama, amejaa uchungu wa mwili na hana uchungu mwingine, akajua kwamba akimwambia atamnyang'anya kitu pekee alichopewa cha kusafiri nacho. Alimtazama Hubert, akingoja aseme yeye. Hubert alikuwa anaitia kadi mfukoni.

"Yaya," Sefu aliuliza, "jiko inawaka muzuri?"

Lilikuwa halijawashwa tangu komisioni. Mwanamke yule hakuliwasha tena maisha yake yote, akapika nje kwenye mvua na jua, majirani wakamcheka, mke wa Monsieur anayepulizia kuni.

"Inawaka," alisema. "Inawaka muzuri sana."

Polisi wakaita. Watu walishuka kwenye kivuko, wakatafuta nafasi, wakaketi juu ya mafungu yao. Sefu alisimama mpaka ng'ambo.